Mlima Kenya: Nanga ya kamba hujengwaje kwenye mwamba?

Wageni wengi wanaopanda Mlima Kenya huishia Point Lenana, kilele chenye urefu wa mita 4,985 ambacho hufikiwa kwa miguu. Vilele viwili vilivyo juu zaidi, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, havifikiki kwa kutembea. Huko watu hupanda ukuta wa mwamba wakiwa wawili wawili, wamefungwa kwenye kamba moja, na maisha ya wote wawili hutegemea vyuma vidogo vilivyochomekwa katika nyufa.

Je, vyuma hivyo hushikaje, na mpandaji hujuaje kwamba vitashika?

Funzo la mwaka 1970

Septemba 1970, daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kung'oka, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, ambaye pia alikuwa daktari, alimhudumia huku msaada ukitafutwa. Waokoaji wa Kenya na wengine waliosafiri kutoka Austria walihitaji takriban wiki nzima kumfikisha chini akiwa hai. Rubani wa helikopta iliyoshiriki katika uokoaji huo alipoteza maisha ilipoanguka.

Tukio hilo linaeleza kwa nini wapandaji huanza kwa kuukagua mwamba kabla ya kugusa kifaa chochote. Batian na Nelion ni mabaki ya koo la volkano iliyozimika zamani. Mwamba wake ni mgumu, lakini usiku maji yaliyomo katika nyufa huganda na kutanuka, na mchana barafu hiyo huyeyuka. Kwa miaka mingi, hali hiyo hulegeza mawe ambayo kwa macho huonekana imara.

Mpandaji hugonga jiwe kwa kiganja au kwa karabina. Likitoa mlio mkavu na mfupi, huenda limeshikamana na mlima. Likilia kama mtungi mtupu, huachwa. Hata kifaa bora kabisa hakiwezi kuwa imara kuliko jiwe kilimochomekwa.

Kabari na kamu

Kuna vifaa vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni kabari, kipande cha chuma chepesi chenye waya, kipana juu na chembamba chini. Huingizwa pale ufa unapokuwa mpana, kisha huteremshwa hadi unapokuwa mwembamba. Kadiri kinavyovutwa kuelekea chini ndivyo kinavyozidi kukaza. Kabari iliyowekwa vyema hugusa mwamba kwa eneo kubwa pande zote mbili, na mpandaji huivuta kwa nguvu mara moja ili ikae. Udhaifu wake ni kwamba ikivutwa kuelekea juu au nje inaweza kuchomoka.

Cha pili ni kamu, kifaa cha springi kilichobuniwa na Mmarekani Ray Jardine katika miaka ya 1970. Kina vipande vilivyopinda ambavyo hujikunja mpandaji anapovuta kifyatuo, na hutanuka anapokiachia. Kamu hufaa katika nyufa ambazo kuta zake zimekaa sambamba, mahali ambapo kabari ingeteleza. Kanuni ni kuichomeka ikiwa imejikunja kiasi cha kutosha: iliyotanuka sana haishiki, na iliyobanwa hadi mwisho huweza kukwama isitoke tena.

Kamu inapovutwa huzisukuma kuta za ufa kwa nguvu inayozidi mvuto wenyewe. Kwa hiyo, ikiwekwa nyuma ya bamba la jiwe lililolegea, inaweza kulibandua bamba hilo na kuliangusha juu ya mtu aliye chini.

Nanga hubeba wawili

Mpandaji wa kwanza anapofika mwisho wa kipande cha njia, husimama na kujenga nanga ili amlinde mwenzake anayefuata. Kama nanga ya jahazi, hii nayo haitakiwi kusogea. Kifaa kimoja kikichomoka njiani, kilicho chini yake bado kinaweza kushika. Nanga ikichomoka, wote wawili huanguka.

Ndiyo maana nanga hujengwa kwa vifaa visivyopungua viwili, na kwa kawaida vitatu inapokuwa ni vya kuchomeka, vikiwa katika nyufa tofauti pale inapowezekana. Vifaa hivyo huunganishwa kwa mkanda au kamba nyembamba hadi fundo moja la katikati. Mzigo hutakiwa kugawanyika sawasawa, na kimoja kikishindwa, vilivyobaki visipate mshtuko wa ghafla kwa sababu ya mkanda uliolegea. Aidha, kama mpandaji wa mbele ataanguka, mwenzake anaweza kuvutwa juu, hivyo kifaa kimoja huwekwa kwa ajili ya kuzuia mvuto huo.

Pembe kati ya mikono miwili ya mkanda nayo ni muhimu. Katika nanga ya vifaa viwili, pembe ikiwa nyuzi 60, kila kifaa hubeba takriban asilimia 58 ya mzigo. Ikifika nyuzi 90, hubeba asilimia 71. Ikifika nyuzi 120, kila kifaa hubeba mzigo wote, kana kwamba kiko peke yake. Kwa sababu hiyo wapandaji hupendelea mkanda mrefu wenye pembe ndogo.

Karabina nayo ina upande wake wenye nguvu. Kiwango cha chini cha kimataifa ni kilonyutoni 20 kwa urefu, sawa na uzito wa takriban tani 2, lakini 7 tu inapovutwa kwa upana. Karabina iliyogeuka imepoteza karibu theluthi mbili ya uwezo wake.

Kwa nini kifaa cha kwanza kiwekwe mapema

Ukali wa kuanguka haupimwi kwa mita peke yake. Mpandaji aliye mita 2 juu ya nanga bila kifaa chochote akianguka, huporomoka mita 4 huku kukiwa na mita 2 tu za kamba za kupunguza mshtuko, na nguvu yote huangukia nanga. Aliye mita 10 juu, mwenye kifaa mita 2 chini ya miguu yake, naye huporomoka mita 4, lakini ana mita 10 za kamba inayonyumbuka. Wa pili hupata mshtuko mdogo zaidi. Hivyo kifaa cha kwanza huwekwa mara tu baada ya kuondoka kwenye nanga, hata kama hatua zenyewe ni rahisi.

Tahadhari wakati wa kushuka

Hatari haiishi kileleni. Katika kushuka kwa kamba, uzito wote wa mtu hukaa kwenye nanga moja, naye mara nyingi amechoka na mawingu yameanza kutanda. Mikanda iliyoachwa na waliotangulia huunguzwa na jua kali la nyanda za juu hadi ikadhoofika bila kuonyesha dalili kubwa. Mpandaji makini huikagua, hukata iliyochakaa na kufunga ya kwake, ingawa hatairudia tena.

Nchini Kenya, wanaoanza hujifunza kwenye miamba ya chini zaidi kama Lukenya, karibu na Nairobi, na ile ya Hell's Gate, Naivasha. Huko mwanafunzi huweka kabari akiwa amesimama ardhini, akaning'iniza uzito wake juu yake, kisha akaichomoa na kuchunguza ilivyoshika. Huko, kabari ikiteleza, mwanafunzi huanguka hatua moja tu.