Kodi ya Sukari na Kodi ya Maharagi

Gunia la maharagi litokalo Nyabiondo lina safari ndefu kabla ya kuufikia mji wa Goma. Lapita Masisi, lapanda na kushuka milima mpaka Mushaki, lafika Sake kando ya ziwa, na toka hapo lafuata njia ya mawe yaliyomwagwa na volkano. Njiani lakutana na kamba iliyofungwa baina ya miti miwili, au gogo lililolazwa barabarani, na kando yake mtu anayengoja fedha. Huku kwetu kizuizi hicho huitwa bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walizihesabu bariyeri za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakapata 798. Tangu hapo nyingine zimeondolewa na nyingine zimewekwa, na wenye kuzilinda wamebadilika mara nyingi, hasa tangu vita vya M23 vilipowaka upya mwishoni mwa mwaka 2021. Lakini desturi yenyewe haikufa pamoja na walioianzisha.

Msomaji atauliza: mbona twaanza na maharagi, nasi tumeahidi kusema habari za sukari? Sababu yake itaonekana.

Katika nchi nyingi za dunia serikali zimeanza kutoza kodi juu ya vinywaji vitamu, ili watu wavipunguze. Mexico ilianza mwaka 2014 kwa kutoza peso moja kwa kila lita. Katika mwaka huo wa kwanza watu walinunua vinywaji hivyo pungufu kwa kadiri ya sehemu 6 katika 100 kuliko ilivyotazamiwa, na katika nyumba maskini upungufu ulifika 9. Afrika ya Kusini na Uingereza zilifuata mwezi wa Aprili 2018. Waingereza walitumia akili zaidi: hawakutoza chupa, walitoza kwa kipimo cha sukari iliyomo, na kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 katika mililita 100 hakilipi kitu. Basi wenye viwanda, kwa kuogopa kodi, wakapunguza sukari wao wenyewe, hata mnywaji ambaye hakusikia habari za sheria hiyo akapata faida yake. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni liliziomba serikali zote zitumie kodi kupandisha bei ya tumbaku, pombe na vinywaji vitamu kwa nusu yake angalau, kabla ya mwaka 2035 kwisha.

Shirika hilo lilikwisha kutoa kipimo mwaka 2015. Mtu mzima asipitishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai, na akiweza kuishia kwenye vijiko 6 ni heri zaidi. Chupa ndogo ya soda ya namna ya cola, ile ya sentilita 33, ina gramu 35 hivi: karibu vijiko 9. Mtoto mdogo aimalizaye peke yake amekwisha kupita kipimo kilicho bora cha mtu mzima kabla hajala hata tonge moja.

Wapo wanaozipinga kodi hizi, na maneno yao si ya kupuuzwa. Wao husema kwamba kila mtu ni mwangalizi wa kinywa chake, wala si kazi ya serikali kuchungulia chungu cha mtu. Sisi Wakristu tuna sababu ya kuwasikiliza, maana tumefundishwa tangu katekisimu kwamba kiasi ni fadhila, na fadhila hailazimishwi kwa fimbo wala kwa ushuru. Anayeacha soda kwa kuwa hana fedha hajafunga, amekosa tu.

Lakini fadhila ya kiasi yataka jambo moja ambalo watu hao husahau kulitaja. Mwenye kuchagua lazima awe na vitu viwili mbele yake. Hapa ndipo linaporudi gunia letu la maharagi.

Bariyeri hailingani na forodha ya kweli. Haina karani wa kupima thamani ya mali. Hutoza kichwa cha mtu, au mzigo, au pikipiki, au gari. Sasa fikirini, wasomaji. Viazi vya Kizungu, maharagi, mikungu ya ndizi, ni mali nzito yenye bei ndogo. Mwanamke huvibeba mgongoni kwa ukanda wa kipaji cha uso, jasho likimtoka, na huo mzigo wote wauzwa kwa fedha haba. Katoni ya bombo au ya biskuti ni nyepesi, na thamani yake ni kubwa. Wote wawili wakilipa sawasawa kwenye kamba, maharagi yametozwa sehemu kubwa ya bei yake na bombo zimetozwa chembe. Tena maziwa yakingojeshwa juani saa mbili yaharibika, mayai yavunjika, sambaza mbichi zanuka. Biskuti yaweza kungoja mwezi mzima, isipungukiwe na kitu. Kwa hiyo, pasipo mtu yeyote kukusudia, katika milima yetu kumewekwa kodi iliyo kinyume kabisa na ile ya Mexico: chakula kinachojenga mwili ndicho kinachoadhibiwa, na utamu ndio unaopita.

Na hiyo ndiyo kodi ya njiani tu. Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale makundi yenye silaha yamewatoza watu kila mwezi kwa ajili ya kulindwa, na malipo hayo yamepewa jina la kudhihaki, "lala salama". Mwenye kulipa hupewa karatasi, jeto, aionyeshe akienda shambani au sokoni. Fedha hiyo hutoka wapi, kama si katika debe la maharagi lililokuwa liliwe nyumbani?

Walikale mambo yana sura nyingine. Huko ni msitu. Watu wana muhogo, sombe, ndizi na mawese kwa wingi, lakini maharagi na maziwa hutoka mbali. Mwaka 2002 madini ya kasiteriti yalipoonekana Bisie, watu kwa maelfu waliingia mle msituni. Hapakuwa na barabara ya gari. Kila kitu kilibebwa mgongoni kutoka upande wa Ndjingala, kwa njia ya matope na mizizi, na kila kituo kikitoza chake. Bia na soda zilifika kilimani kwa bei iliyo mara kadhaa ya bei ya Goma. Zikanywewa vivyo hivyo. Siku hizo zimepita, maana tangu mwaka 2019 Bisie huchimbwa kwa mashine za kampuni, lakini funzo lake halikupita. Mwenye kudhani kwamba bei peke yake itamfundisha mtu kiasi, na aitazame Bisie. Kijana aliyepata fedha leo, asiyejua kama kesho mlima utamwangukia, hahesabu vijiko vya sukari. Zaidi ya hayo, maji ya pale yalikuwa machafu, na chupa iliyofungwa kwa kizibo ilikuwa angalau na uaminifu. Mahali pasipo na maji safi, ni vigumu kumhubiria mtu aache soda.

Sasa tuingie nyumbani, maana si haki kuitupa lawama yote barabarani.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2013 na 2014 uliona kwamba watoto 43 katika 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule ugonjwa wa kuvimba miguu na uso, nywele zikigeuka nyekundu, ambao watu wa Kivu huuita bwaki, ulipata jina lake la kitabu, kwashiorkor, katika mwaka 1935 kwa kazi ya daktari Cicely Williams wa Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Jina hilo ni la lugha ya Kiga, nalo lahusu mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu ya mdogo wake anayezaliwa. Mtoto wa namna hii hupungukiwa na chakula chenye kujenga mwili. Naye mama, akimwona amelegea, humpa nini? Chai yenye sukari nyingi. Au baba huja na chupa ya sukre, kama tunavyoiita soda huku, kwa kuwa watu wamezoea kusema sukari yaleta nguvu. Mtoto huchangamka kidogo, tumbo lake hushiba utamu, na yai lililokuwa limsaidie limekwisha kwenda sokoni.

Na hapa nataka kusema waziwazi. Mara nyingi lawama humwangukia mama, kwa kuwa ndiye mwenye chungu. Lakini mfuko wa fedha uko kwa nani? Masisi ni nchi ya ng'ombe. Jibini yake husifiwa Goma na hata ng'ambo ya mpaka. Yako makazi ambamo maziwa yote hutoka alfajiri kwenda kwa watengeneza jibini, na watoto wa mchungaji hunywa chai kavu. Simlaumu anayeuza ili alipe matibabu au apate daftari za shule; huyo amechagua kati ya haja mbili. Namsema yule auzaye mayai kumi na kurudi na bia yake mwenyewe, na pakiti ya bombo ya kuwanyamazisha watoto. Sisi waalimu twawaona watoto hao saa nne asubuhi: wamekuja bila kula, wana sarafu mkononi, na mlangoni pa shule pana beseni la vitu vitamu.

Je, basi, kodi ya sukari yafaa kwetu? Nadhani yafaa, kwa masharti. Vinywaji vya chupa tayari hutozwa nchini ushuru uitwao aksizi, unaokusanywa na DGDA, kama vile bia na tumbaku. Kazi iliyobaki ni kuutoza ushuru huo kwa gramu za sukari, kama walivyofanya Waingereza, na kuutoza kiwandani au mpakani tu. Sukari tunayokula Kivu, tangu kiwanda cha Kiliba karibu na Uvira kiliposimama mwaka 1996, hutoka nje kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mpaka ndipo mahali pake. Asiguswe mjane mwenye beseni mlangoni pa shule. Yeye hakutengeneza utamu huo. Sharti la pili ni gumu zaidi: kodi ya sukari isianze kabla ya kuondolewa kodi ya maharagi. Papa Leo XIII alikwisha kuonya, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, kwamba serikali isikamue mali ya watu kwa kodi zilizopita kiasi. Kuongeza bei ya soda huku gunia la maharagi likiendelea kukatwa njiani ni kumfungia maskini milango miwili kwa pamoja.

Hayo ni ya wakubwa, na yatachukua muda. Yako mengine yasiyongoja kamba kukatwa. Sherehe za Komunyo ya kwanza zimekuwa mashindano ya kreti za soda, hata wazazi hukopa. Kamati za parokia zaweza kupatana juu ya maji yaliyochemshwa na maziwa ya mgando, asiwepo wa kuona haya. Yai moja katika matatu libaki nyumbani kwa ajili ya aliye mdogo kuliko wote. Uji wa masosoma, yaani mahindi, mtama na soya zilizosagwa pamoja, wataka kijiko kimoja cha sukari, si vinne, na ukitiwa maziwa kidogo mtoto haoni tofauti baada ya juma moja. Mgonjwa tunayemtembelea hospitalini tumpelekee maharagi yaliyopikwa vizuri, au sambaza. Na mtoto akiharisha, hapo sukari ni dawa kweli: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa kituo cha afya.