Moustapha Niasse, mpatanishi wa «1+4»

Siku hizi kila mtu anaongelea Doha na Washington. Sokoni, ndani ya taksi, watu wanaulizana: hayo mazungumzo yatatufikisha wapi? Inchi yetu imekwisha kupita njia kama hii. Turudi mwaka wa 2002.

Mwezi wa 4 mwaka ule, mazungumzo ya Sun City, kule Afrika Kusini, yaliisha nusu-nusu. Serikali ya Kinshasa na MLC ya Jean-Pierre Bemba walipatana: Joseph Kabila abaki raisi, Bemba awe waziri mkuu. RCD-Goma, iliyokuwa inashika sehemu kubwa ya mashariki, ikakataa. UDPS ya Étienne Tshisekedi nayo ikakataa. Kwa mtu wa Goma ao Bukavu, vita ilikuwa bado iko pale pale.

Mwezi wa 6, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akamtuma Moustapha Niasse kusaidia kazi ya mpatanishi Ketumile Masire wa Botswana. Niasse ni Msenegali, alizaliwa 1939. Alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya raisi Senghor, kisha waziri wa mambo ya kigeni mara mbili, na waziri mkuu. Si malaika: mwaka wa 1984 alipoteza uwaziri nyuma ya kupigana na mwenzake katika mkutano wa chama.

Alifanya kazi namna gani? Kwanza, hakukimbilia kuita mkutano mkubwa. Alionana na kila upande peke yake, ajue kila mmoja anaogopa nini. Pili, alishika neno moja: wote waingie. Ndiyo maana makubaliano yanaitwa «ya jumla na yenye kushirikisha wote». Tatu, pale watu walipogombania kiti kimoja, viti viliongezwa. Cheo cha waziri mkuu kikaondolewa, wakawekwa makamu wanne wa raisi: Bemba, Azarias Ruberwa wa RCD, Yerodia Ndombasi wa serikali, na Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha. Ndiyo ile 1+4.

Yote yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 17/12/2002, Afrika Kusini ya Thabo Mbeki ikiwa imesaidia sana. Serikali ya mpito ikaanza 2003, na mwaka wa 2006 tukapiga kura.

Lakini njia hii ilikuwa na bei yake. Kila aliyekuwa na bunduki alipata kiti, na wengine wakajifunza kwamba bunduki inalipa. Wakubwa waligawana vyeo haraka, lakini kuchanganya majeshi kulichelewa. Mwezi wa 6 mwaka wa 2004, maofisa waliotoka RCD, Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, waliuteka muji wa Bukavu kwa nguvu. Raia ndio waliolipa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia kwamba wamepatana, usiulize tu nani amepata cheo gani. Uliza: nani amebaki inje ya meza? Waaskari wataenda wapi, na lini? Na yule mama aliyechomewa nyumba, jina lake liko kwenye ukurasa gani?