Je, Wajua? Tundu la Moyo Huzibwa Pasipo Kupasua Kifua

Je, wajua kwamba kila mwanadamu, awe wa Busawe wilayani Serengeti au wa Unguja, hukaa tumboni mwa mamaye akiwa na upenyo katika kiambaza kinachotenga vyumba viwili vya juu vya moyo, kwa kuwa mapafu yake hayajaanza kuvuta hewa? Aghalabu upenyo huo hujifunga baada ya kuzaliwa. Lakini kiambaza chenyewe kikiwa na kasoro ya tundu, damu iliyokwisha kusafishwa huvuja kurudi upande wa kulia na kuyaelemea mapafu miaka mingi bila maumivu. Ndiyo hila ya maradhi haya: mtoto huchunga na kukimbia na wenziwe, na pengine dalili pekee ni mvumo hafifu na mdundo wa pili wa moyo uliogawanyika, ambao tabibu mwenye haraka hausikii.

Matundu madogo huangaliwa tu, maana mengine huziba yenyewe. Yaliyo makubwa huhitaji kuzibwa: mnamo Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, daktari mpasuaji John Gibbon alipasua kifua akaziba tundu la namna hii huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu. Siku hizi, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tundu lililo katikati na lenye kingo za kutosha huweza kuzibwa kwa mrija upitao mshipa wa paja, ukaacha visahani viwili vya wavu wa metali vikibana kiambaza huku na huku; kisha mgonjwa hunywa aspirini kwa miezi kadhaa.