Udongo wenye asidi kwenye ardhi iliyochimbwa madini

Udongo wenye asidi kwenye ardhi iliyochimbwa madini ni udongo au kifusi ambacho pH yake imeshuka sana baada ya mwamba wenye salfa kufukuliwa na kuachwa wazi. Ni kikwazo kikubwa cha kurudisha uoto kwenye migodi ya wazi, ikiwemo ya ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Tofauti na asidi ya kawaida ya shambani, asidi hii huendelea kutengenezwa ndani ya kifusi chenyewe kwa miaka mingi.

Chanzo

Katika miamba ya Geita dhahabu mara nyingi huambatana na pairiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano inayong'aa, ambayo mgeni huweza kuyadhania dhahabu. Chini ardhini pairiti imetulia kwa kuwa haifikiwi na hewa. Ikiletwa juu na kunyeshewa mvua huoza kwa kuungana na oksijeni, na bakteria huharakisha kazi hiyo. Matokeo yake ni asidi ya sulfuriki na maji yenye rangi ya kutu.

pH ikiwa chini ya 5 alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, fosforasi hunaswa na chuma, na bakteria wanaozipatia jamii ya kunde nitrojeni hudhoofika. Kifusi kibaya hufika chini ya 3, ambapo karibu hakuna mbegu inayostawi. Madhara hayaishii kwenye mimea: Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yalivuja hadi mto Tigithe unaotumiwa na vijiji vya jirani.

Si kila mgodi una asidi

Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, mwamba unaochimbwa ni kimberlaiti. Mwamba huo una magnesi nyingi na mara nyingi kabonati pia, hivyo mabaki yake kwa kawaida huelekea upande wa besi. Kumwaga chokaa hapo ni kupoteza fedha, na huenda kukazidisha upungufu wa zinki na chuma kwa mimea. Ndiyo maana kupima hutangulia, na kupima pH peke yake hakutoshi: kifusi kipya chenye pH 7 kinaweza kuwa na asidi kali baada ya misimu michache ikiwa kina salfa na hakina kabonati ya kuizima.

Chokaa na kufunika

Kila asilimia 1 ya salfa iliyo katika pairiti huhitaji takriban kilo 31 za kabonati ya kalisi kwa tani ya kifusi. Tabaka la sentimita 20 katika hekta moja lina uzito wa karibu tani 3,000, kwa hiyo litahitaji tani 94 hivi za chokaa. Mkulima hutumia tani chache tu kwa hekta. Tena chokaa husafiri polepole mno ardhini. Ikinyunyizwa juu bila kuchanganywa, nyasi huota, mizizi ikagusa tabaka la chini, na eneo likakauka tena.

Kwa sababu hiyo njia ya uhakika zaidi huanza wakati mgodi ungali unafanya kazi. Mawe yenye salfa hutengwa, hufukiwa katikati ya rundo, hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili hewa na maji visipenye, kisha udongo wa juu uliohifadhiwa tangu mwanzo hurudishwa. Mgodi uliochanganya kila kitu hauwezi kuyatenganisha baadaye.

Kupanda

Samadi husaidia sana, kwani hushika alumini na kurudisha vijidudu. Fosfati ya Minjingu, kutoka mkoa wa Manyara, huyeyuka vizuri penye asidi kiasi na huongeza kalisi pia. Ukoka na vetiva hutangulia kushika udongo. Miti ya miombo kama mtundu imezoea ardhi dhaifu yenye asidi kidogo, lakini lusina, unaopendwa na wafugaji, hufanya vibaya.

Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho ili lijirudishe, ambayo mradi wa HASHI uliieneza Shinyanga kuanzia mwaka 1986. Kwenye kifusi chenye asidi kufunga tu hakutoshi, kwa maana mbegu zinazoletwa na upepo hufa. Baada ya chokaa na udongo wa juu, hata hivyo, kuzuia ng'ombe kwa misimu kadhaa huwa na maana ileile: kwato zikivunja tabaka la kufunika, hewa huingia na pairiti huanza upya.