Besi Kabla ya Mkwaruzo

Amplifaya za gitaa za Mesa/Boogie za ukoo wa Mark, ambazo uso wake umejaa vifundo vya kuzungusha, vingine vikiwa pia swichi za kuvuta, na ambazo nyingi zimewekewa vitelezi vitano vya ikwalaiza, zimekwisha kuwatia wapigaji wengi shaka juu ya masikio yao wenyewe. Kwani mtu akivielekeza vifundo vyote katikati, kama ifaavyo kwa amplifaya nyingi, kisha akaongeza gaini, aghalabu hupata sauti nzito iliyovurugika, ambayo ndani yake noti hii haitambulikani na ile, na lawama yote humwangukia fundi aliyeiunda. Maoni yangu, nayo ni maoni niliyoyashika kwa moyo wote, ni kwamba fundi hana hatia. Kifundo cha besi katika amplifaya hii hakifanyi kazi ifanywayo na kifundo cha jina hilohilo katika amplifaya nyingine, kwa sababu mahali pake katika njia ya umeme ni pengine. Na mpigaji akiisha kuifahamu njia hiyo, tangu nyuzi mpaka spika, nusu ya taabu yake imekwisha.

Asili ya ukoo huu ni California, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 fundi Randall Smith aliichukua Fender Princeton, amplifaya ndogo ya wati zipatazo 12 yenye spika ya inchi 10, akaitia saketi ya nguvu iliyozoeleka katika amplifaya kubwa na spika ya inchi 12. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa wapigaji mashuhuri wa mwanzo kuvutwa na chombo hicho kidogo chenye kishindo. Kisha Smith akafanya jambo lililokuwa na athari kubwa zaidi: aliongeza ngazi za kukuza umeme, na kati ya ngazi hizo akaweka vifundo vya kutawala, ili sauti ipate kukwaruza hata chumbani, bila ya amplifaya kufunguliwa mpaka mwisho. Kabla ya hapo mkwaruzo ulitafutwa kwa jasho, na mara nyingine kwa uharibifu. Mwaka 1964, huko London, Dave Davies wa kundi la The Kinks aliichana kwa wembe karatasi ya spika yake ili aupate. Miaka 20 baadaye Mesa/Boogie, kampuni ya Smith, ilikuwa imetoa Mark IIC+, na Metallica waliitumia waliporekodi Master of Puppets mjini Copenhagen, albamu iliyotoka mwaka 1986. Sauti ile kavu, iliyobana na iliyokatika wazi baina ya pigo na pigo, ndiyo wanayoitafuta hadi leo wengi wanunuao amplifaya za ukoo huu, wala hawaipati kwa bahati.

Mkwaruzo ni kukatwa kwa wimbi. Vali ya 12AX7, kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, hulipokea wimbi dogo la umeme litokalo kwenye sumaku na koili za gitaa, na katika saketi za kawaida hulitoa likiwa limekuzwa kiasi cha mara 50 au 60. Kwa hiyo ngazi tatu zikifuatana zingeweza kulikuza zaidi ya mara 100,000, kama mafundi wasingepunguza umeme njiani kwa makusudi. Lakini vali haina uwezo usio na mwisho. Ina mpaka wa juu na mpaka wa chini, na wimbi likitaka kuipita mipaka hiyo, kilele chake hunyolewa na bonde lake hujazwa, likabaki bapa pale palipokuwa pamevimba. Wimbi lililonyolewa namna hii huzaa masafa ambayo uzi haukuyatoa kwa kiasi hicho: uzi wa A, unaotetema mara 110 kwa sekunde, huongezewa nguvu katika hezi 330 na 550 ikiwa pande zote mbili zimekatwa sawasawa, na katika hezi 220 na 440 pia ikiwa upande mmoja umekatwa zaidi ya mwenzake. Masafa haya yote ni mazidisho kamili ya 110, na ndiyo maana noti moja iliyokwaruzwa huwa tajiri bila ya kuwa chafu.

Mambo hubadilika zinapoingia noti mbili kwa pamoja, na hapa pana jambo zuri ajabu, ambalo naona halielezwi vya kutosha kwa vijana wanaojifunza gitaa. Saketi inayokata wimbi haizidishi tu kila noti peke yake, bali hujumlisha noti hizo na kutoa moja katika nyingine, ikazaa sauti za tatu na za nne ambazo hakuna kidole kilichozibonyeza. Piga A ya hezi 110 pamoja na E iliyo juu yake, ambayo ni karibu hezi 165: tofauti yao ni 55, nayo 55 ni A nyingine, oktava moja chini ya ile ya kwanza, na jumla yao ni 275, inayoketi vema kabisa juu ya A hiyo. Ndiyo sababu noti hizi mbili, zikipita katika gaini kubwa, huvuma kama kwamba gitaa limeongezewa uzi mnene usioonekana. Sasa iondoe E, uweke C sharpi ya hezi 138.6. Katika amplifaya safi, kama zile zilizojengea jina magitaa ya muziki wa dansi wa Kongo na Tanzania, mapatano haya ni matamu. Lakini zidisho la tano la A ni 550 na zidisho la nne la C sharpi ni 554.4, na masafa mawili yaliyokaribiana hivyo hupigana zaidi ya mara nne kila sekunde. Katika sauti safi ugomvi huo ni mdogo na sikio huusamehe, ilhali vali zilizojazwa gaini huyatia nguvu mazidisho hayohayo, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko noti zenyewe. Mpigaji anayesikia vurugu anapobonyeza mapatano ya noti nne au tano asikimbilie vifundo. Hakuna kifundo kinachoweza kuitibu hesabu hii. Aondoe noti moja au mbili, au apunguze gaini.

Tukirudi kwenye njia ya umeme, katika amplifaya nyingi za Marshall vifundo vya besi, midi na trebo vimewekwa baada ya ngazi za mkwaruzo, kwa hiyo kazi yao ni kuichonga sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Katika ukoo wa Mark, ambao haukuacha urithi wake wa Fender, vifundo hivyo viko mapema, baada ya vali ya kwanza na kabla ya zile zinazokata wimbi kwa ukali, hata mtu akizungusha besi haamui sauti ya mwisho iwe nzito kiasi gani, bali anaamua ni kitu gani kiingie katika mkato. Mchele huchambuliwa mawe kabla ya kutiwa chunguni, na besi iliyozidi shurti iondolewe kabla ya mkwaruzo, maana ikiisha kukatwa pamoja na masafa mengine haitenganishiki tena.

Ubaya wa besi mahali hapo una sababu mbili. Mawimbi ya masafa ya chini, hasa ya uzi mnene wa E wenye hezi 82.4, ni makubwa kwa umbo, na mawimbi madogo ya juu hupanda juu yao. Kilele kikubwa kinyolewapo, kile kidogo kilichokipanda hunyolewa nacho, na makali ya noti yakapotea kwa vipindi. Tena, vali inayopokea wimbi kubwa kupita kiasi huzijaza chaji kapasita zilizo baina ya ngazi na ngazi, na chaji hiyo haitoki mara moja, hata kwa muda mfupi vali hubaki imezibwa, hali mkono wa mpigaji umekwisha fika kwenye pigo jingine. Huo ndio ulegevu unaoudhi, na huwadhuru zaidi wale wapigao upesi.

Kwa hiyo mimi humshauri mtu aanze na jambo linaloonekana kinyume cha akili: kifundo cha besi kiwe sifuri, au kisizidi 2 katika kipimo cha 10, na midi iwe chini pia, lakini trebo ipandishwe hadi 7 au hata 8. Asiogope ukali wa trebo, kwani katika saketi hii kadiri trebo inavyopanda ndivyo sehemu ya besi na midi inayopita inavyopungua, hivyo kifundo hicho hutawala gaini na ubanifu wa sauti kuliko kinavyotawala wembamba wake. Sauti atakayoipata hapo itakuwa nyembamba na yenye kubweka, wala haitampendeza. Avumilie. Uzito utarudishwa na vitelezi vya ikwalaiza, ambavyo viko baada ya mkwaruzo, vikiwa na alama za hezi 80, 240, 750, 2200 na 6600: akikipandisha cha 80 anauongeza mvumo wa uzi wa E ambao sasa hauwezi kuziba vali yoyote, akikipandisha kidogo cha 2200 anapata pigo la ukucha, na akikiteremsha cha 750 anaifikia ile sura ya herufi V ambayo imekuwa desturi ya muziki wa metali. Wala asijaze gaini mpaka mwisho, maana wimbi likiisha kuwa bapa, gaini zaidi haiongezi ukubwa wa sauti, bali huinua kila kilicho kidogo, pamoja na mngurumo wa umeme wa gridi.

Taratibu hii yote ifanywe kwa volumu ileile itakayotumika ukumbini. Tangu mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson wa maabara ya Bell walipochapisha vipimo vyao vya usikivu, imejulikana kwamba katika sauti ndogo sikio la binadamu huwa zito kwa masafa ya chini sana na ya juu sana, na sauti ikiongezwa masafa hayo hufufuka. Basi herufi V iliyochongwa polepole chumbani usiku, kwa besi na trebo nyingi ili sikio liridhike, ukumbini hugeuka ngurumo chini na ukali wa kuchoma juu, katikati pakiwa patupu. Zaidi ya hayo, spika ya inchi 12 huanza kuyaelekeza mbele yake masafa yanayopita hezi elfu moja na kidogo, kama upana wake unavyolazimisha, na mpigaji aliyesimama kichwa chake kikiwa juu ya kabati la spika hukosa kuyasikia, huku wasikilizaji walioketi mkabala nayo wakiumizwa. Ainame, au aliegemeze kabati nyuma, asikie kile kinachotoka kweli.

Na kundi zima likianza kupiga, gitaa la besi na ngoma ya mguu vikishika masafa ya chini, matoazi yakishika ya juu, kitelezi cha kwanza kuguswa kiwe cha 750. Pale chumbani kilipoteremshwa sana, ukumbini hurudishwa juu kidogo kidogo, mpaka gitaa lisikike lenyewe bila ya volumu kuongezwa.