Msalaba wa Shaba Wasimulia Mji Wetu

"Mjomba, mji wetu una umri gani?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Mtoto anayeuliza hivyo hapewi jibu la haraka haraka. Sogea hapa.

Kule Ujerumani kuna mji uitwao Köln. Warumi waliupa hadhi ya mji mwaka 50, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Lubumbashi yetu ilianzishwa mwaka 1910.

"Ala! Basi sisi bado wachanga!"

Majengo ndiyo machanga. Shaba ni mzee. Tena mzee huyo yupo, ana mdomo. Tumwache aseme mwenyewe.

"Mimi ni msalaba wa shaba. Nina mikono minne. Zamani nilikuwa jiwe la kijani, nimelala kilimani. Juu yangu miti ilikataa kuota, maana udongo ulijaa shaba. Ni mimea midogo tu iliyokubali kuchanua pale. Wazee wakiiona mimea ile, waliambiana: chimbeni hapa."

Na nani aliyechimba?

"Wenyeji wa nchi hii, Basanga na wenzao. Walichimba wakati wa kiangazi, mvua zikiisha. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu. Wakapanga makaa na mawe, wakavukuta, wakavukuta, mpaka shaba ikayeyuka. Wakaimimina katika umbo la msalaba. Nilipopoa nikawa fedha. Nilinunua chumvi. Nililipa mahari. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa pamoja na ndugu zangu, mamia ya miaka kabla Mzungu hajafika huku."

Unasikia, mwanangu? Mamia ya miaka! Shaba ilikuwapo, na waliojua kuiyeyusha walikuwapo.

Katika karne ya 19 akaja Msiri, kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania. Akajenga mji wake Bunkeya na kuwa mtawala mwenye nguvu. Aliuza shaba na pembe za ndovu. Aliuza na watu pia, na hilo silifichi kwa sababu wewe ni mdogo. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu waliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Katanga, nchi yetu hii, ikachukuliwa.

Mwaka 1906 Wabelgiji na wenzao Waingereza wakaanzisha kampuni kubwa, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli ikafika hapa kutoka kusini, kutoka Rhodesia. Mji ukapimwa, barabara zikanyooshwa. Ukaitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji, Elisabeth, ambaye mwenyewe alizaliwa Ujerumani, katika nchi ya Bavaria.

"Malkia huyo ndiye aliyejenga mji?"

Hata tofali moja hakubeba. Lakini jina lake ndilo lililoandikwa.

Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kikawashwa karibu na mto Lubumbashi. Unaujua ule mlima mweusi ulio kando ya bomba refu la moshi? Huo si mlima wa Mungu. Mama akichemsha maharagwe, povu hupanda juu ya chungu, naye huliengua na kulimwaga. Jiwe likiyeyushwa tanuruni ni vivyo hivyo: shaba ni nzito, huzama chini, takataka ni nyepesi, huelea juu, huenguliwa. Mlima ule ni povu la miaka na miaka. Na ndani yake yalibaki madini ya kobalti, hata baadaye watu wakarudi kuuchimba tena.

"Na nani aliyechimba, Mjomba?"

Hapo ndipo nilipotaka ufike! Walichimba vijana walioletwa kutoka Rhodesia. Baadaye wakaja wa Kasai, wakaja wa Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Kazini na kambini wakasikilizana kwa Kiswahili. Ndicho hiki tunachozungumza mimi na wewe.

Wazungu waliishi upande wao, Waafrika upande wao, Kamalondo na kwingineko. Katikati paliachwa eneo tupu, makusudi. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mjini bila kibali.

Desemba 1941, vita vikuu vya dunia vikiendelea, bei za vitu zilipanda na mshahara ukabaki mdogo. Wafanyakazi wakagoma. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakiongozwa na Léonard Mpoyi. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Mpoyi akafa, na wengi pamoja naye. Uwanja wa mpira, mwanangu. Mahali pa kushangilia mabao.

"Walikuwa wameiba?"

Hapana. Waliomba nyongeza ya mshahara.

Uhuru wa Kongo ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Msalaba unasema: "Walinichora mara tatu kwenye bendera yao." Vita vikapiganwa humu mjini, askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia, na Januari 1963 mambo yakaisha. Mwaka 1966 jina la malkia likaondolewa, mji ukachukua jina la mto wake.

"Na haya yote uliyajuaje?"

Mengine kwa wazee, mengine kwa vitabu. Kimoja nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1965 wapishi na watumishi wa nyumba za Wazungu, waliopiga pasi na kuosha sahani miaka yote ile, waliona historia yao itapotea. Mwenzao André Yav akaiandika. Aliwaandika mabwana, njaa, kazi na majina waliyopewa Wazungu, yote kwa Kiswahili cha hapa hapa. Kisha mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, naye wa mji huu, akachora historia ya nchi yetu, picha baada ya picha, kwenye vitambaa vya mifuko ya unga.

"Na wachimbaji aliwachora?"

Aliwachora. Hata wale waliopigwa risasi mwaka 1941.