Kugawana Hesabu: Somo Litokalo kwa Chembe Igeukayo

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, hugundua upesi kwamba kazi ya vikundi huwa porojo iwapo kila kikundi chaweza kuimaliza peke yake. Vikundi huwa na maana pale tu ambapo jibu halipatikani bila hesabu za wenzao. Mfano mzuri twaupata katika fizikia.

Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wataalamu hugonganisha protoni. Miongoni mwa chembe zizaliwazo humo imo mesoni iitwayo Bs. Chembe hii hugeuka kuwa pacha wake wa kinyume, kisha hurejea hali yake ya kwanza, karibu mara trilioni 3 kwa sekunde, yaani milioni tatu mara milioni moja. Lakini maisha yake ni mafupi mno: kwa wastani hugeuka na kurejea mara nne hivi, ikafa.

Hakuna awezaye kuitazama ikigeuka. Kinachopimwa ni mambo matatu: ilizaliwa na hali gani, ilikufa na hali gani, na iliishi muda gani. Chembe moja haifundishi kitu. Zikipangwa nyingi kwa umri, idadi ya zilizogeuka huonekana ikipanda na kushuka kama mawimbi. Kipimo kilichotangazwa na kundi la LHCb mwaka 2021 kilitumia chembe zipatazo 378,000.

Kompyuta moja haiwezi kuzichambua chembe hizo kutoka katika migongano isiyohesabika. Lakini kwa kuwa mgongano mmoja hautegemei mwingine, kazi hugawiwa vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Vyote hufuata kanuni moja, ndipo matokeo yajumlishwe.

Darasani, andaa vikaratasi 240 vyenye umri wa 1 hadi 6, yaani 40 kwa kila umri. Katika umri wa 1, 3 na 5, andika “sawa” kwenye 24 na “imegeuka” kwenye 16. Katika 2, 4 na 6, fanya kinyume. Vichanganye, kisha vipe vikundi 8 vikaratasi 30 kila kimoja. Kila kikundi kichore jedwali lake.

Mara nyingi jedwali la kikundi kimoja halitaonyesha utaratibu wowote. Jumlisheni yote ubaoni, na wimbi litajitokeza. Iwapo kikundi kimoja kimebadilisha safu, wimbi litafifia. Usikikaripie, waulize wanafunzi kosa limeingilia wapi, nao watatambua kwa nini kanuni lazima iwe moja.

Hapo hata mtoto aketiye nyuma ataelewa kuwa bila vikaratasi vya kikundi chake, 240 haitimii.